Kompyuta Yako, Ufunguo wa Mwingine

Mwenye kibanda umiza yeyote kati ya Somanga na Lindi mjini anazijua nyaya tatu za rangi: ya njano, nyekundu na nyeupe. King'amuzi kikigoma kupeleka mechi kwenye projekta kupitia waya wa HDMI, fundi huuchomoa waya huo na kurudi kwenye zile tatu za zamani. Picha hupungua ubora, namba za migongoni mwa wachezaji hazisomeki vizuri, lakini watu waliolipa kiingilio wanauona mpira. Wengi huamini waya wa HDMI umekufa. Mara nyingi waya ni mzima. King'amuzi kimeiuliza projekta kama inazo funguo za HDCP, mfumo uliobuniwa na kampuni ya Intel ili kusimba picha inayosafiri ndani ya waya, na ile projekta ya mtumba imeshindwa kujibu.

Hata kama kifurushi cha biashara kimelipiwa hadi shilingi ya mwisho, matokeo ni yaleyale. Mashine mbili zimekataana, na mwenye mali hakuulizwa.

HDCP, hata hivyo, ni mlango wa mwisho tu. Kilicho nyuma yake hakionekani kwa macho, na ndicho kinachostahili kujadiliwa waziwazi hapa nchini: kumbukumbu ya grafiki iliyosimbwa, yaani sehemu ya kompyuta au simu ambayo mwenye kifaa haruhusiwi kuisoma.

Filamu inapotoka kwenye seva za kampuni kama Netflix husafiri ikiwa imesimbwa. Kivinjari au programu ya simu huomba leseni, na leseni ndiyo inayobeba ufunguo. Kinachobaki ni kuamua ufunguo huo utumike wapi. Mfumo wa Widevine wa Google, unaotumiwa na Android na Chrome, una madaraja. Katika daraja la L3 kazi yote hufanywa na programu ya kawaida, ndani ya kumbukumbu ambayo mtaalamu anaweza kuichungulia. Katika L1 mfumo endeshi hauuoni ufunguo kabisa. Unashughulikiwa na kona ya chipu iliyotengwa, na picha ikishafunguliwa huandikwa kwenye kurasa za kumbukumbu ambazo prosesa ikijaribu kuzisoma hupata vurugu tupu ya tarakimu. Ni sehemu inayotoa picha kwenda kwenye skrini peke yake inayozielewa. Hapo HDCP huipokea picha, ikaisimba upya na kuipeleka kwenye waya.

AMD wanauita mfumo wao TMZ, Intel wanauita PXP. Kwa AMD, kurasa za siri hutiwa alama katika jedwali la kurasa, na kadi ikifanya kazi katika hali ya siri haiwezi kuandika matokeo yake mahali pa wazi. Kwa Intel, kila kipindi cha ulinzi kina ufunguo wake, na ufunguo huo hufa kompyuta inapolazwa. Ukiiamsha, picha zilizokuwa ndani hazisomeki tena, hata na programu halali iliyoziomba, na kazi huanza upya.

Asiye na L1 je? Hapewi picha kamili. Simu nyingi za bei ya chini zina L3 pekee, kwa hiyo mtu wa Kilwa Kivinje aliyelipia Netflix sawa na mwenzake wa Masaki, Dar es Salaam, huonyeshwa picha ya kiwango cha SD. Mwenye kompyuta ya Linux naye hapewi 4K, awe na skrini nzuri kiasi gani na intaneti ya kasi kiasi gani. Kosa lao ni kumiliki mashine ambayo kampuni haijaikagua na kuikubali.

Jambo hili liliwafikia waandishi wa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, kupitia Chromebook, kwa kuwa mfumo endeshi wa kompyuta hizo umejengwa juu ya Linux. Sean Paul, mhandisi wa Google, aliandaa msimbo wa HDCP kwa ajili ya draiva huria ya Intel, nao ukaingia kwenye kerneli mwaka 2018. TMZ ya AMD ikafuata mwaka 2020 katika Linux 5.8, na PXP ya Intel katika Linux 5.16, iliyotoka Januari 2022. Upinzani ulikuwapo. Waliopinga waliuliza kwa nini mwenye kompyuta atake kipengele ambacho kazi yake ni kumzuia yeye mwenyewe. Waliokubali walijibu kihandisi: msimbo uko wazi, kila mtu anaweza kuusoma, na ulinzi unabaki umezimwa mpaka programu ya mtumiaji iuombe. Tena draiva za grafiki za Linux zina desturi ngumu, kwamba huduma mpya haipokelewi mpaka iwepo programu huria inayoitumia. Hakuna mlango unaofunguliwa kwa ajili ya programu za siri peke yake.

Hoja hiyo ina uzito. Kwa waandishi wa kerneli, ambao hawawezi kuzifukuza chipu za dunia nzima, ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini unaacha nusu ya tatizo palepale lilipo. Draiva huria hapo hubeba maombi tu. Anayeamua ni fimwea, yaani programu ya ndani ya chipu, yenye sahihi ya mtengenezaji, ambayo msimbo wake haujachapishwa, na ambayo mashine itaikataa ikibadilishwa hata herufi moja. Ni sawa na kununua nyumba Mtanda, mjini Lindi, ukakabidhiwa hati, halafu fundi aliyeijenga akabaki na ufunguo wa chumba kimoja na kukuambia usimuulize kuna nini ndani.

Na kufuli la namna hii lina tabia ya kuhama. Mwaka 2014, kuanzia kizazi cha pili cha Maxwell, kadi za Nvidia zilianza kudai fimwea yenye sahihi ya kampuni. Waandishi wa Nouveau, draiva huria iliyojengwa kwa kuzichunguza kadi hizo kutoka nje, wakajikuta hawawezi tena kuzipandisha kasi. Kadi iliwaka na kubaki kwenye mwendo wake wa chini. Hapo hapakuwa na filamu ya kulinda. Mei 2022 Nvidia ilichapisha wazi moduli zake za kerneli, na kadi za kizazi cha Turing na kuendelea zikapata nafuu. Za Maxwell na Pascal ziliachwa nyuma, na ndizo zilizofikia umri wa kuuzwa kama mtumba.

Hapo ndipo pwani ya Lindi inapoingia moja kwa moja katika habari hii. Kompyuta nyingi zinazofika kwenye shule, ofisi za kata na vibanda vya stesheneri vya Kilwa Masoko na Nangurukuru zimeshaishi maisha mengine Ulaya au Asia. Mtengenezaji ameshaacha kuzitolea masasisho. Kinachozifufua ni programu huria: Linux nyepesi, draiva zilizomo ndani yake tayari, na fundi mwenye flashi moja mfukoni. Mashine ya miaka 10 inayokubali draiva huria itafundisha kidato cha nne miaka mingine mitano. Mashine ya umri huohuo ambayo kadi yake inasubiri sahihi ya kampuni isiyoijali tena itaonyesha picha ya kukwamakwama, kisha itawekwa stoo.

Watanzania wanajua kwa vitendo faida ya msimbo ulio wazi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kiliendesha mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 kikatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyepaswa kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Walifungua msimbo, wakatafsiri, wakagawa. Kazi ile ilifanyika kwa sababu hapakuwa na chumba kilichofungwa njiani.

Wasanii nao wana hoja yao, na ni hoja ya kweli. Waigizaji na waongozaji wa Bongo Movie wameshuhudia kazi zao zikiuzwa barabarani kwa bei ya maji ya kunywa kabla filamu haijamaliza mwezi sokoni. Mwaka 2013 serikali ilileta stempu za kodi kwa CD na DVD za muziki na filamu ili kuwabana wauza nakala haramu. Stempu zikakutana na soko lililokuwa linahama. Leo kijana mwenye kompyuta moja na kisoma-kadi hukaa kando ya stendi na kuingiza muziki na muvi kwenye simu ya kila anayepita. Msanii hapati kitu.

Lakini kufuli la ndani ya kadi ya picha limemsaidiaje msanii huyo? Rekodi yake ni mbaya. Kufuli la DVD, CSS, lilivunjwa mwaka 1999 na programu ya DeCSS. Jon Lech Johansen, kijana wa Norway aliyeshtakiwa kwa sababu yake, aliachiwa huru na mahakama mwaka 2003. Ufunguo mkuu wa HDCP ulivuja Septemba 2010, na Intel ikathibitisha kuwa ni wa kweli. Widevine L3 ilivunjwa mwaka 2019. Kila mara aliyenuia kuiba alipata njia, na nakala moja ikishatoka inatosha kujaza flashi za nchi nzima. Yule kijana wa stendi hajawahi kusumbuliwa na TMZ wala PXP, kwa sababu faili linamfikia likiwa limeshafunguliwa. Anayesumbuliwa ni mteja aliyelipa.

Kuna sanaa ya Kiswahili ambayo isingezaliwa kama makufuli yangefanya kazi yake sawasawa. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alisimama mbele ya watazamaji wa mabanda ya video na kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akiwapa wahusika tabia na utani wa mitaani, kisha sauti yake ikarekodiwa juu ya kanda na diski zilizosambaa nchi nzima. Nchini Kenya, DJ Afro amefanya kazi ya aina hiyo kwa miaka mingi. Kisheria kazi hizi zilikuwa na kasoro kubwa, kwani leseni haikuwapo. Lakini maelfu ya watu wa vijijini, wakiwamo wavuvi wasiojua Kiingereza wala Kihindi, waliingia katika filamu hizo kwa mlango huo pekee. Njia ya haki ingekuwa kuwapa wasimulizi leseni ya bei wanayoimudu. Kufuli haliwezi kuuza leseni. Linajua kukubali na kukataa tu.

Kilwa ina ushahidi mzito zaidi wa thamani ya kunakili, na una umri wa karne tano. Historia ya masultani wake, ile inayoitwa Tarehe ya Kilwa, haikubaki Kilwa. Maandishi ya mwanzo ya karne ya 16 yamepotea. Tunayo kwa sababu mbili tu. João de Barros, mwanahistoria wa Kireno, alipata habari zake na kuziingiza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1552. Na mwaka 1877, huko Unguja, ilinakiliwa nakala ya Kiarabu iliyomfikia John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza. Nakala hiyo sasa iko British Library, na Arthur Strong aliichapisha mwaka 1895. Hata hiyo haijakamilika. Lakini bila mwandishi aliyeketi na kalamu kunakili kitabu cha mwingine, orodha ya masultani wa mji uliotembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331 ingekuwa magofu na sarafu.

Magofu yenyewe sasa yana nakala. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umeyapima majengo ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa leza, na kuyageuza kuwa mamilioni ya nukta zenye urefu, upana na kina. Kazi hiyo ina thamani ya pekee: bahari inakula kingo za visiwa hivi, na Kilwa ilikaa katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Ili mwanafunzi wa Kilwa auzungushe Msikiti Mkuu kwenye skrini, aingie chini ya kuba zake na kuhesabu nguzo, anahitaji kadi ya grafiki inayofanya kazi kwa nguvu zake zote na draiva inayoielewa. Kadi iliyofungwa mwendo haitampa hilo. Na kama siku moja nukta hizo zitagawiwa kwa masharti ya kufuli, watu wa Kisiwani watahitaji idhini ya seva ya mbali ili waone ukuta ulio mtaani kwao.

Mei 2024 ilitoa somo kuhusu seva za mbali. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika pwani, mvua zikafuata, na barabara ya kwenda Lindi na Mtwara ikakatika Somanga. Mabasi na malori yakakwama pande zote mbili. Tarehe 12 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ikapata hitilafu karibu na Durban, na intaneti ya Tanzania, Kenya na Uganda ikadhoofika vibaya. Kitabu cha karatasi kiliendelea kusomeka. Faili la kawaida la video liliendelea kuchezwa. Lakini faili lenye leseni ya muda hutaka kuwasiliana na nyumbani kwake. Kwa Netflix, baadhi ya filamu zilizopakuliwa humaliza muda saa 48 tangu uanze kuzitazama. Mteja amelipa, faili limo ndani ya simu yake, betri imejaa, na skrini inamwambia aunganishe intaneti ambayo haipo.

Kampuni nazo hufunga maduka. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na vitabu vilivyokuwa vimenunuliwa vikaacha kufunguka. Fedha zilirudishwa. Vitabu havikurudi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikumwacha msomaji mikono mitupu. Inaruhusu kunakili kwa matumizi binafsi, kunukuu, kufundishia, na mahitaji fulani ya maktaba na hifadhi za nyaraka. Bunge lilipima maslahi ya msanii na ya jamii, likaacha nafasi hizo makusudi. Kumbukumbu iliyosimbwa haizijui. Mwalimu wa Kilwa anayetaka dakika mbili za filamu kwa ajili ya somo la fasihi, mkutubi anayehamisha kazi kutoka diski inayooza, na haramia anayetaka kuuza nakala elfu moja, wote wanakutana na ukuta uleule. Hakimiliki ina mwisho wake. Kazi hatimaye huwa mali ya umma. Ufunguo ulio ndani ya chipu hauna tarehe ya kuisha.

Hatari inazidi sheria nyingine zinapokuja juu ya kufuli hilo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani mwenye kifaa au programu iliyoundwa kwa lengo la kutenda kosa. Kenya iliweka katika Sheria yake ya Hakimiliki ya 2001 katazo la kuvunja ulinzi wa kiteknolojia, na Marekani ilifanya hivyo mwaka 1998 katika sheria yake ya DMCA, ingawa huko kila baada ya miaka mitatu maktaba ya Bunge huketi kupanga nani asamehewe. Fundi wa Lindi anayefungua kompyuta ili aiwekee draiva huria hapaswi kuishi kwa kubahatisha kama hakimu ataelewa tofauti kati yake na mwizi wa filamu.

Mwelekeo mwingine upo, na Tanzania imeshaukubali. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, unataka wasioona na wenye uoni hafifu wapate nakala za vitabu wanazoweza kuzisoma bila kuomba kibali cha mwenye haki, na ibara yake ya 7 inazitaka nchi kuhakikisha kwamba ulinzi wa kisheria wa makufuli hauwanyimi haki hiyo. Uganda ilijiunga mwaka 2018, Kenya mwaka 2017. Kwa hiyo kanuni kwamba kufuli lina mpaka si ndoto ya wanaharakati. Imo katika mkataba uliosainiwa.

TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, nayo imewahi kuuchora mpaka huo kwa namna yake. Agosti 2018 iliagiza ving'amuzi vya satelaiti vya kulipia viache kubeba chaneli za ndani za bure, kwa sababu mtazamaji alilazimika kulipia kitu ambacho leseni inasema ni cha bure. Utekelezaji uliwaumiza watu wa vijiji vilivyo mbali na minara ya nchi kavu, waliobaki na dishi lisiloonyesha taarifa ya habari ya nyumbani. Njia ilikuwa mbaya. Msingi wake ulikuwa sahihi: kilicho cha umma kisifungwe kwa ufunguo wa kampuni.

Msingi huo sasa ufike kwenye kompyuta. COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, na wizara inayoisimamia waandike kanuni inayosema wazi kwamba kuvunja kufuli kwa matumizi ambayo Sheria ya 1999 imeshayaruhusu, kwa ajili ya kukarabati kifaa au kwa ajili ya kumhudumia asiyeona, si kosa, na kwamba kumiliki programu ya kufanyia hivyo nako si kosa. Na kabla kanuni haijaandikwa, kuna hatua ambayo haihitaji Bunge. Halmashauri za Kilwa, Mtama, Nachingwea, Ruangwa, Liwale na Manispaa ya Lindi hutangaza zabuni za kompyuta kwa fedha za umma. Kwenye karatasi ya vigezo, panapoandikwa ukubwa wa diski na kasi ya prosesa, iongezwe mistari miwili: kadi ya grafiki ifanye kazi kikamilifu kwa draiva zilizomo ndani ya kerneli ya Linux, na muuzaji athibitishe hilo kwa kuiwasha mashine mbele ya kamati ya mapokezi kabla ya kulipwa.